Kupindua, Kupindisha, Kupinga: Maneno Matatu Tusiyachanganye

Mazungumzo ya amani, yameandikwa kama yalivyosemwa redioni

 

Leo tunataka kulitazama neno moja tu. Ni neno dogo, kila mtu analijua, lakini katika inchi yetu limemwaga damu nyingi. Neno lenyewe ni kupindua. Tunalisikia katika habari: serikali imepinduliwa, kuna watu walitaka kupindua. Tunalisikia pia kambini, tena karibu zaidi. Mama mmoja anauliza kwa nini jina lake limeondolewa kwenye orodha ya unga, na jioni watu wanasema: yule anataka kumpindua prezida wa kambi. Kijana anauliza hesabu ya jetoni, anaitwa mpinduzi. Neno likishatoka kinywani, fimbo inafuata. Ndiyo sababu tunaomba mtege sikio. Tukijua neno hili maana yake nini, na maana yake si nini, tutaokoa watu.

Tuanze mbali na siasa. Kupindua ni kazi ya kila siku. Mama anapindua chapati katika kikaango ili upande wa pili uive. Mkulima anapindua udongo kwa jembe. Wimbi la Ziwa Kivu au la Tanganyika linapindua mtumbwi. Gari kubwa lililojaa mizigo na watu juu yake linapinduka kwenye kona. Hata ugonjwa wa kolera, ambao sisi wa kambini tunaujua sana, na ambao mwezi wa Julai 1994 uliua watu kwa maelfu karibu na Goma, jina lake la Kiswahili ni kipindupindu. Sikieni: neno la kupindua limo ndani yake.

Katika mifano hii yote jambo ni moja. Kilichokuwa chini kinakwenda juu, na kilichokuwa juu kinakwenda chini. Lakini tazameni tofauti. Chapati ikipinduliwa vizuri, inaiva. Udongo ukipinduliwa kwa wakati wake, unazaa. Mtumbwi ukipinduka, hauchagui abiria. Anazama mwenye kushika kasia, anazama mfanyabiashara na magunia yake, anazama na mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake, ambaye hakujua hata safari inakwenda wapi.

Basi, mtu anapotuambia: njoni tupindue, swali la kwanza ni hili: unapindua chapati, au unapindua mtumbwi ambamo sisi wote tumo ndani?

Sasa tuingie katika mambo ya utawala. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtoa mkubwa kwenye kiti, na si maneno ya maana moja. Kuna kuuzulu: wale wenye haki ya kumweka mtu katika kazi wanamwondoa. Kuna kujiuzulu: mtu mwenyewe anaiacha kazi. Kuna kuangusha: serikali inaweza kuanguka kwa kura, bila risasi hata moja. Mnakumbuka mwezi wa Januari 2021, Bunge la taifa huko Kinshasa lilipiga kura ya kukosa imani, na serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba ikaanguka. Je, ilipinduliwa? Hapana. Iliangushwa kwa njia iliyoandikwa katika Katiba. Hakuna kijiji kilichochomwa kwa ajili ya kura ile.

Huku kwetu watu wanasema pia kumtosha mtu kwenye kiti. Neno hilo halionyeshi njia. Mtu anaweza kutoshwa kwa uchaguzi, kwa baraza la wazee, au kwa bunduki. Kwa hiyo ukisikia mtu fulani ametoshwa, uliza kwanza: ametoshwa kwa njia gani?

Lakini kupindua, kwa lugha ya utawala, kuna njia yake: ni kwa nguvu, nje ya sheria. Ndiyo maana hatusemi serikali imepinduka yenyewe, kama gari lililokosa breki. Tunasema imepinduliwa. Yuko mtu aliyeipindua.

Kutoka hapo linakuja neno mapinduzi, na hapa kuna fumbo. Neno hilo moja linabeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni badiliko kubwa la maisha ya watu wote. Mzigo wa pili ni kikundi cha askari kuchukua utawala. Kifaransa kinatenganisha: badiliko kubwa ni révolution, na kunyang'anya utawala ni coup d'État. Kiswahili kinasema mapinduzi kwa yote mawili, ijapokuwa wengine wanaongeza na kusema mapinduzi ya kijeshi.

Ninyi mnaokaa Uvira, Baraka, Fizi na Kalemie, mnaosikia redio za ng'ambo ya ziwa, mnajua kwamba huko Tanzania neno mapinduzi ni neno la heshima. Tarehe 12 Januari 1964 utawala wa Sultani wa Zanzibar ulipinduliwa, na tangu wakati ule siku hiyo ni sikukuu. Serikali ya visiwa inaitwa Serikali ya Mapinduzi. Mwaka 1977 vyama viwili, TANU cha bara na Afro-Shirazi cha visiwani, viliungana, vikajiita Chama cha Mapinduzi. Kwa hiyo Mtanzania akisema mapinduzi, mara nyingi anafikiri juu ya sikukuu na bendera. Hata hivyo, katika siku zile za 1964 watu wengi waliuawa Zanzibar, na wengine walikimbia na kuacha kila kitu. Sikukuu haifuti makaburi.

Hapa kwetu Kongo neno hilo lilipita njia nyingine. Tuikumbuke njia hiyo kwa miaka yake, ili vijana waijue.

Uhuru tuliupata tarehe 30 Juni 1960. Hata miezi mitatu haikutimia. Tarehe 14 Septemba 1960 Kanali Mobutu alitangaza kwamba anawaweka kando wanasiasa wote. Hakusema amepindua. Alitumia neno laini. Lakini tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza, aliuawa kule Katanga pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Neno lilikuwa laini, lakini mauti hayakuwa laini.

Mwaka 1964 vijana wa Simba walishika sehemu kubwa ya mashariki, na mwezi wa Agosti wakaingia Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Wao walisema wanaleta uhuru wa pili. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wanakumbuka namna watu walivyokimbilia porini, kwanza kwa kuwaogopa Simba, halafu kwa kuwaogopa askari waliokuja kuwafukuza Simba.

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu, pamoja na wakubwa wa jeshi, alimwondoa Raisi Kasavubu, akakaa yeye. Hayo yalikuwa mapinduzi ya kijeshi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, mwezi wa Mei 1967, ndipo chama cha MPR kilipoundwa, na ndani ya jina lake likawekwa neno révolution. Angalieni mpango huo: kwanza utawala ulichukuliwa kwa nguvu, halafu ukavikwa nguo ya mapinduzi ya watu wote. Baadaye kila raia wa Zaïre alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Chama cha mapinduzi kikawa chama ambacho mtu hawezi hata kukiuliza swali. Na aliyeuliza aliitwa nani? Aliitwa mtu anayetaka kupindua.

Tarehe 17 Mei 1997 AFDL, chini ya Laurent-Désiré Kabila, iliingia Kinshasa. Safari hii neno lilikuwa ukombozi. Mwezi wa Agosti 1998 vita vingine vikaanza hapa mashariki. Waliovianza walisema wanaleta demokrasia. Serikali ikasema ni uasi na uvamizi. Vilidumu mpaka mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 na serikali ya umoja ya Juni 2003. Lakini hata baada ya hapo, vikundi vyenye silaha havikuisha. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi wa Februari vikaingia Bukavu, na watu waliokuwa wamekimbilia makambi wakakimbia tena.

Ndugu zangu, mmesikia majina: kuweka kando, uhuru wa pili, mapinduzi, ukombozi, demokrasia. Mwenye kushinda huita kazi yake ukombozi. Mwenye kushindwa huiita uasi. Lakini mama anayekimbia usiku na sufuria kichwani na mtoto mgongoni hana nafasi ya kuchagua jina. Yeye anaiita vita. Mwaka 2024 hesabu za Umoja wa Mataifa zilionyesha zaidi ya watu milioni 7 waliohamishwa ndani ya inchi yetu. Hao milioni 7 hakuna kati yao aliyeulizwa kama mtumbwi upinduliwe.

(Muziki mfupi)

Ndugu wasikilizaji, tunaendelea. Tumesema juu ya kupindua. Sasa tutazame ndugu yake, ambaye watu hawamsemi sana. Anaitwa kupindisha.

Kupinda ni kukunja. Fundi wa nguo anapinda pindo la kitambaa. Kupindisha ni kukifanya kitu kilichonyooka kiwe kombo. Tunasema kupindisha maneno, kupindisha sheria. Mtu anayepindisha sheria hafanyi kelele. Hana bunduki mkononi. Ana kalamu, ana muhuri, anakaa mezani. Anarefusha muda wake. Anaandika orodha usiku. Anaweka jina la shemeji yake mahali pa jina la mjane. Watu wanaona, wananyamaza, na hasira inakusanyika moyoni kama maji nyuma ya ukuta.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hili ni jambo ambalo wengi hawalijui. Katiba yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 baada ya wananchi kuipigia kura, inawaweka ndugu hawa wawili katika kifungu kimoja. Kifungu cha 64 kinasema, kwa maneno yetu wenyewe, kwamba kila Mkongomani ana wajibu wa kumzuia mtu au kikundi kinachochukua utawala kwa nguvu, au kinachoutumia utawala kinyume cha Katiba. Tena kinasema kwamba kujaribu kuupindua utawala wa Katiba ni kosa juu ya taifa ambalo halifutiki kwa kupita miaka.

Mmesikia? Anayechukua kwa nguvu ni anayepindua. Anayetawala kinyume cha Katiba ni anayepindisha. Sheria haikusema mmoja ni mwovu na mwingine ni mkubwa wa kuheshimiwa. Inawakataa wote wawili.

Na historia inatuonyesha kwamba mmoja humfungulia mwingine mlango. Kifungu cha 70 kinasema Raisi anachaguliwa kwa miaka mitano, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Kifungu cha 220 kinakataza kuibadilisha hesabu hiyo na urefu wa muda huo. Mwezi wa Desemba 2016 muda wa pili wa Raisi Joseph Kabila ulifika mwisho, lakini uchaguzi ulifanyika Desemba 2018. Katika miaka hiyo miwili watu waliandamana, wakristo walitoka makanisani na rozari na matawi mkononi, na wengine waliuawa. Tarehe 24 Januari 2019 Raisi aliyetoka na Raisi aliyeingia walisimama pamoja mbele ya watu. Wengi walibishana juu ya hesabu ya kura, na ubishi huo ulifika mahakamani. Hata hivyo, tangu uhuru, ilikuwa mara ya kwanza mkubwa wa inchi kumwachia mwingine kiti bila risasi kati yao.

Lakini, mzee mmoja anaweza kuuliza: ikiwa kifungu cha 64 kinatupa wajibu wa kuzuia, basi si tuchukue mapanga? Hapana, mzee wetu. Katiba ileile, katika kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda vikundi vya askari wake mwenyewe au kulisha vijana wenye silaha, na inaita jambo hilo usaliti mkubwa. Katiba haiwezi kukuambia uzuie moto kwa kuwasha moto mwingine. Na adhabu si mchezo. Mwezi wa Mei 2024 kikundi cha watu wenye silaha kilijaribu kuingia kwa nguvu katika nyumba za utawala huko Kinshasa. Kiongozi wao aliuawa siku ileile, na mwezi wa Septemba mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 37 kifo. Kijana anayeitwa na mtu asiyemjua, kwa ahadi ya pesa na cheo, afikiri juu ya hesabu hiyo kabla ya kupanda gari.

Basi kuna njia gani? Hapa linakuja neno la tatu: kupinga.

Kupinga ni kusimama mbele ya jambo na kusema: hapana, hili si sawa. Kutoka hapo tunapata mpinzani na upinzani. Mpinzani anaonyesha uso wake, anasema jina lake, anatoa sababu. Anayetaka kupindua huficha uso mpaka siku ya mwisho. Mpinzani anataka mtumbwi unyooshwe njia, haendi kuutoboa. Na kupinga si dhambi, wala si ukosefu wa adabu. Kifungu cha 23 cha Katiba kinatoa haki ya kusema maoni. Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kuandika ombi kwa mkubwa wa serikali, na mkubwa huyo anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Watu wengi hawakijui kifungu hicho. Kiandikeni mahali. Karatasi moja yenye majina ya mama hamsini ina nguvu kuliko uvumi wa mwaka mzima.

Tarehe 16 Februari 1992 wakristo wa Kinshasa walitembea bila silaha kuomba Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Walipigwa risasi, na wengi walikufa. Hawakupindua kitu. Lakini mwezi wa Aprili mkutano ulifunguliwa tena. Walipinga, na kupinga kwao kulizaa.

Sasa turudi kambini na vijijini, mahali ambapo neno hili linatuumiza kila siku. Tuna mambo machache ya kuwaomba.

Ninyi wakubwa wa vijiji na wanakamati: mtu akiuliza hesabu, msimwite mpinduzi. Mjibuni hesabu. Orodha ya wanaopokea unga, maharagi na mafuta ibandikwe ukutani mchana, watu wote waisome, na asiyejua kusoma asomewe kwa sauti. Kamati iwe na muda wake unaojulikana. Muda ukiisha, watu wachague tena, na wanawake wawemo. Mkubwa anayejua siku yake ya kutoka haogopi kila anayeuliza. Mkubwa anayeficha orodha ndiye anayeota kupinduliwa kila usiku.

Ninyi wami na wazee wa baraza: Katiba inautambua utawala wa kimila katika kifungu cha 207, na inataka utawala huo ulete umoja. Ugomvi wa kurithi kiti ukitokea, na mara nyingi hutokea, msimpe ndugu mmoja vijana wenye bunduki. Kaeni, wasikilizeni wenye haki ya kutawaza, na mkishindwa pelekeni jambo mbele ya sheria. Kiti kilichochukuliwa kwa bunduki kinahitaji bunduki kila siku ili kikalike.

Ninyi jamaa mliohama: jihadharini na radio trottoir, na zile sauti zinazopitishwa kwa simu usiku, hazina jina la msemaji wala tarehe. Ukisikia fulani anataka kupindua, usipitishe neno kabla ya kuuliza mambo matatu. La kwanza: amefanya nini hasa? Si anataka nini, bali amefanya nini. La pili: ametumia njia gani, mdomo na karatasi, au silaha? La tatu: nani anapata faida tukiamini hivyo? Mara nyingi utaona kwamba mtu alipinga tu, na yule anayepindisha ndiye aliyemwita mpinduzi.

Na ninyi vijana: neno mapinduzi ni tamu mdomoni. Lakini kuna mapinduzi ambayo mnaweza kuyafanya bila kumzika mtu. Kijana aliyejifunza kusoma hesabu ya kamati, msichana aliyekataa kutoa mwili wake ili apewe jetoni na akasema wazi mbele ya wazee, wakulima waliogawana shamba lililogombaniwa miaka mingi: hao wamepindua udongo, na udongo huo utazaa.

Ndugu wasikilizaji, tunamaliza. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi tumekuwa nyasi tangu 1960. Lakini nyasi haina mdomo, na sisi tunao. Kesho asubuhi, kwenye bomba la maji au kwenye foleni ya unga, mtu akisema yule ni mpinduzi, muulizeni kwa upole: amepindua, amepindisha, au amepinga? Ngojeni jibu lake kabla ya mtu yeyote kuinua mkono.